Kadi ya Daraja la Kwanza

Gdynia, 6 Machi 1966

Dada Bogna,

Usishtuke kuona barua yangu. Sijaugua, sijaoa, wala sijakamatwa. Nina shida ambayo huku siwezi kumwambia mtu.

Bendi yetu, Kawki, imepata msimu mzima wa kiangazi pwani: miji kumi na mmoja, mabango, basi la kutubeba na mwanamke wa kutupigia pasi mashati. Hiki ndicho tulichokililia miaka miwili, tangu tulipokuwa tukipiga kwenye bwalo la wafanyakazi wa bandari, watu wanakunywa supu ya kabichi na kutuuliza kama tunajua polka. Tunapiga roki, ingawa kwenye fomu za ofisi tunaandika “mdundo wa vijana” ili isizuiwe mlangoni.

Lakini hakuna anayepanda jukwaani bila kadi ya mwanamuziki, na kadi hutolewa na tume. Wenzangu watatu wanazo, za daraja la tatu, la chini kabisa, nalo linatosha. Nimebaki mimi, mpiga gitaa, mwenye nyimbo zote saba.

Tume inataka mtu asome nota. Inatangaza vipande vitatu mapema; siku ya mtihani, mwishoni mwa Mei, unachomoa kimoja kwenye kofia, unawekewa karatasi, unapiga. Na mimi, kama ujuavyo wewe peke yako duniani, sijui nota. Nikisikia kitu mara mbili nakipiga, basi. Ziemowit, mpiga ngoma na kiongozi wetu, anaamini najua. Ananiwekea karatasi mbele, nami nageuza ukurasa pale mpiga besi anapogeuza. Siku moja mpiga besi alikuwa anajipepea tu kwa karatasi, nami nikageuza mara nne.

Sasa sikiliza. Padri wenu ana kinasa sauti cha kunasia mahubiri yake. Nimekufungia vipande vyote vitatu humu. Vipige kwenye kinanda cha ukumbi wa kanisa, uvinase, unitumie mkanda. Mengine niachie mimi.

Usiniambie nijifunze.

Lesław


Olszynka Górna, 14 Machi 1966

Lesław,

Jifunze.

Baba alikupeleka kwa mwalimu yuleyule aliyenifundisha mimi. Mimi nilichapwa rula kwenye vidole miaka sita. Wewe ulikuwa unakaa mlangoni ukinisikiliza, kisha unaingia na kupiga somo langu huku umekitazama kitabu kilichofunguliwa ukurasa mwingine, na yule mzee akakupa peremende. Sasa unaona peremende ilikokufikisha.

Nina wasichana wa miaka tisa kwenye kwaya, wanasoma nota huku wakivutana nywele. Miezi miwili inakutosha wewe mwenye ndevu.

Mama anauliza kama unakula. Padri anauliza kama umekata nywele. Wote nimewajibu ndiyo. Kwa hiyo mwezi huu nimeshakudanganyia mara mbili. Ya tatu tafuta mwingine.

Bogna


Gdynia, 21 Machi 1966

Dada yangu,

Nimenunua kitabu cha kujifundisha. Nimefika ukurasa wa nne, nikarudi wa pili, nikakitupa chini ya kitanda. Natazama zile alama nazo zinanitazama, na hakuna anayesema kitu.

Tena kuna jambo jipya. Wakala aliyetupangia msimu ametuletea mtu wa akiba, endapo nitafeli: Eugeniusz, ametoka chuo cha muziki. Anasoma nota kama wewe unavyosoma orodha ya sokoni, na anapiga gitaa kama karani wa posta anayegonga mihuri. Jana alikuja mazoezini “kusikiliza tu”. Alikuja na kiti chake. Bogna, mtu anayekuja na kiti hakuja kusikiliza.

Nina miaka ishirini na mbili. Nikiachwa kiangazi hiki nabaki kupaka rangi matumbo ya meli, na nyimbo zangu zitazunguka pwani nzima na huyo bwana na kiti chake. Sikuombi kingine mpaka nife.

Lesław


Olszynka Górna, 18 Aprili 1966

Lesław,

Mkanda umo ndani ya kopo la unga. Jamu ya plamu imo ndani ya kopo la jamu. Nakwambia kwa sababu nakujua.

Nilinasa Alhamisi, padri alipokwenda kuwatazama wagonjwa. Imebidi nifute hubiri lake la Jumatano ya Majivu. Kama kuna hukumu tutagawana.

Vipande ni vyepesi mpaka vinatia aibu. Cha pili hakina hata alama moja ya kupandisha wala kushusha sauti, hata mtoto anakipiga. Ukiniandikia kwamba ni kigumu nitajua unakunywa.

Ukishapata kadi, jifunze kusoma kama watu wengine. Nimefanya hivi mara moja tu.

Bogna


Gdynia, 30 Mei 1966

Bogna,

Kaa chini kwanza. Umekaa?

Kile cha pili, cha mtoto, nusura kinitoe roho. Wiki nne nzima vidole vyangu vilijikunja kama vya mtu anayetafuta funguo kwenye mfuko wa koti la mwenzake. Nikamlaani aliyekitunga, nikakulaani na wewe, mwishowe kikakaa. Na siku ya mtihani nikatia mkono kwenye kofia, nikatoa hichohicho.

Nikapiga macho yakiwa kwenye karatasi kama mcha Mungu. Kwenye mkanda nilikuwa nimesikia ulipogeuza ukurasa, nami nikageuza papo hapo. Nilipomaliza, wale watu watano wa tume wakainamia nakala yao ya karatasi. Mwenyekiti, Ndugu Sabina Trzeciak, anayevaa kofia ya manyoya mpaka mwezi wa Mei, akavua miwani.

“Ndugu, umeona hapa pameandikwaje?”

“Nimeona.”

“Na umepiga nusu hatua juu. Kipande chote, mwanzo mpaka mwisho.”

Mzee mmoja mwishoni mwa meza akasema, “Na hakukosea hata mahali pamoja! Hata vidole hakuvitazama!”

“Ilikuwa makusudi?” akauliza mwenyekiti.

Sikujua jibu lipi ni la kufukuzwa. Nikasema, “Niliona hivi kingependeza zaidi.”

Bogna, yule mzee alipiga makofi. Wanasema mtu anayeweza kusoma kitu kwenye karatasi na papo hapo kukihamisha sauti nzima, tena kwenda kwenye sauti ngumu kiasi hicho, hajapita mbele yao tangu vita iishe. Wamenipa kadi ya daraja la kwanza.

Nilifurahi siku mbili. Siku ya tatu ikaja barua ya kupangiwa kazi. Mwenye daraja la kwanza “hapotezwi kwenye mdundo wa vijana”. Nimepelekwa Ustka, kwenye okestra ya ukumbi wa wapumzikaji, kuwasindikiza waimbaji, kwa sababu waimbaji hubadilika sauti kila wakiamka na wanahitaji mtu wa kuhamisha haraka. Nikikataa, kadi inachukuliwa na jina langu linaandikwa mahali.

Eugeniusz anaondoka na Kawki. Ziemowit anasema ni kwa kiangazi hiki tu. Alisema akiwa anatazama dirishani.

Dada, ulinifanyia nini kwenye ule mkanda?

Lesław


Olszynka Górna, 6 Juni 1966

Mdogo wangu,

Nimemwita fundi redio, nikamwambia kinasa sauti kinakohoa. Akakifungua, akacheka. Kinajikokota. Kikinasa polepole hivyo, halafu mkanda ukapigwa kwenye mashine nzima kama yenu, kila kitu kinakimbia na kupanda juu. Hapa hatukugundua kwa sababu padri hujisikiliza kwenye mashine hiyohiyo na hujiona yuko sawa.

Nilikupigia kitu cha mtoto, kikakufikia kitu cha shetani. Nisamehe. Siwezi kumwambia hata padri, ataniuliza nimejuaje.

Mama ana furaha. Amewaambia majirani wewe ni wa kwanza katika nchi. Sikumsahihisha.

Bogna


Gdynia, 12 Juni 1966

Mheshimiwa Bi. Bogna,

Hatujaonana, lakini mdogo wako hukutaja kila siku. Mimi ni Ziemowit, mpiga ngoma wa Kawki. Sote hapa tumeumia kwamba Lesław hatakuwa nasi kiangazi hiki.

Tumeona tumfanyie zawadi. Nyimbo zake zote saba ziko vichwani tu, hakuna hata moja iliyoandikwa. Nakutumia mkanda wa kipindi chetu cha redio. Tunaomba, kwa kuwa wewe ni msomi wa nota, utuandikie sehemu za gitaa kwenye karatasi, kwa ukamilifu, zisije zikapotea. Tungeshukuru tukizipata kabla ya mwisho wa mwezi.

Tafadhali usimwambie. Tunataka ashangae.

Kwa heshima nyingi,
Ziemowit Kaczor


Olszynka Górna, 24 Juni 1966

Bwana Ziemowit,

Karatasi hizi hapa, thelathini na mbili. Zimenichukua siku kumi, na sikio langu la kushoto bado linavuma. Nimeandika kila kilichosikika, nikikipenda au nisikipende. Sikuwahi kumsikia mdogo wangu namna hii. Nyumbani alikuwa anapiga mandolini ya baba na kumfukuza paka.

Nimejiuliza kwa nini mmetaka gitaa peke yake. Ni kama kumpa mtu zawadi ya mkono mmoja wa shati. Lakini mimi ni mpiga kinanda wa kanisa, huenda kwenye mdundo wa vijana ndivyo inavyofanywa.

Nitakaa kimya kama mlivyoomba.

Bogna Sikora


Ustka, 10 Julai 1966

Dada,

Wameniundia gereza na funguo nimewakabidhi mwenyewe.

Navaa koti jeusi na tai ya kipepeo. Kila asubuhi Bi. Kornelia, mwimbaji wetu mkuu, anaingia amejifunga skafu shingoni, ananiita kwa jina la kitoto: “Lesiu, kipenzi, leo koo limekataa. Nishushie kidogo.” Namshushia. Jioni amekula aiskrimu, koo limefunguka: “Nipandishie, mwanangu.” Nampandishia. Kwangu ni mchezo, kwa sababu sisomi kitu. Nyimbo nyingine wakizipiga mara ya kwanza mimi najifanya nakaza nyuzi, mara ya pili nimeshazijua. Kiongozi wa okestra anawaambia wengine, “Mwigeni huyu, hata karatasi haitazami sana.” Kadiri ninavyodanganya vizuri ndivyo wanavyozidi kunipenda. Wameanza kusema wataniombea nibaki mpaka mwakani.

Ila kuna jambo moja linanipa usingizi. Kawki wanakuja hapahapa Ustka tarehe 6 Agosti. Eugeniusz hawezi kupiga kisichoandikwa, na solo zangu hazijaandikwa popote. Zimo kwenye vidole vyangu tu. Kwenye ile miji midogo atakuwa amejificha nyuma ya kelele, lakini hapa kuna watu wanaojua. Ataaibika. Ziemowit atakuja mbio kunichukua, kadi au hakuna kadi. Nimeshafua shati la jukwaani.

Lesław


Olszynka Górna, 18 Julai 1966

Lesław,

Cheri zimeiva, nyingi kuliko mwaka jana. Mguu wa mama ni uleule. Paa la ukumbi linavuja mahali papya.

Nimefikiri, tarehe 6 usiende kwenye tamasha lao. Utakuwa umechoka, na Bi. Kornelia anaweza kukuhitaji. Kaa chumbani, uoge, usome gazeti.

Nakutumia soksi.

Bogna


Ustka, 8 Agosti 1966

Bogna,

Nilikwenda.

Eugeniusz alikuwa amekaa. Kwenye jukwaa la roki, kwenye kile kiti chake, stendi ya karatasi mbele, kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Nikacheka peke yangu, nikakunja mikono, nikangoja aanguke.

Akapiga solo ya wimbo wa kwanza. Yote. Akapiga ya pili. Kila nilichopiga redioni, kila nilichokizua palepale nikidhani kitapotea hewani. Hata kwenye wimbo wa tatu, mahali kidole changu kilipoteleza na kugusa uzi wa jirani, naye akateleza, kwa adabu, wakati uleule. Wasichana wakapiga mayowe vilevile. Nilidhani watajua tofauti.

Nikaenda nyuma ya jukwaa. Eugeniusz akanipokea kwa mikono miwili, mtu mwenye heshima zake, hilo ndilo linaloudhi.

“Kaka! Wewe ndiye wa daraja la kwanza! Nisaidie hapa, wimbo wa tatu, mstari wa tatu. Sikio linaniuma kila nikifika, lakini ndivyo palivyoandikwa. Ulikusudia?”

Akanipa karatasi. Vimkia vya nota vimepinda kushoto, kama ulivyokuwa ukiviandika kwenye meza ya jikoni. Basi nikajua ni mkono wa nani.

Lakini hilo si baya kuliko yote, dada. Baya ni kwamba nilikitazama kile kitu na sikuelewa hata alama moja. Ni mimi mtupu pale, kuanzia juu mpaka chini, na sikuweza kujisoma. Eugeniusz anangoja. Ziemowit naye anangoja, kisha nikamwona anayatazama macho yangu, jinsi yalivyosimama mahali pamoja.

“Wewe,” akasema polepole, “hujui kusoma.”

“Sijui. Na wewe ni mwizi.”

“Miaka miwili! Miaka miwili unanigeuzia kurasa!”

“Umemwibia dada yangu mkono wake!”

“Nilipeleka barua na stempu! Kurasa, Lesław! Ulikuwa unalamba kidole kabla ya kugeuza!”

“Samahani,” akasema Eugeniusz, “basi huu mstari wa tatu?”

“Ni kidole kiliteleza!”

“Aa. Kwa hiyo niuruke?”

“Piga. Si umeandikwa?”

Sasa niambie. Ulijua ni kwa ajili ya nani?

Lesław


Olszynka Górna, 13 Agosti 1966

Lesław,

Sikujua mpaka nilipopata barua yako ya Julai. Ziemowit aliniambia ni zawadi yako. Uliposema Eugeniusz hawezi kupiga kisichoandikwa, nilikuwa nimeshika bakuli la cheri. Mama bado anazitoa chini ya kabati. Nilipaswa kukuambia siku ileile. Badala yake nikakutumia soksi.

Nitakuambia na jingine, halafu unikasirikie vyote kwa pamoja. Nilifurahi kuziandika. Miaka kumi na moja napiga mazishi na harusi, vitu vilevile kwa mpangilio uleule, na padri akitaka mabadiliko anataka vipigwe polepole zaidi. Siku kumi zile nilikuwa nasahau kula. Ile nota mbaya ya wimbo wa tatu niliisikia kuwa ni mbaya. Niliirudia mara ishirini, na bado nikaiandika, kwa sababu ndiyo uliyoipiga.

Ziemowit ameandika tena, na mkanda mwingine. Anataka nyimbo nne mpya za vuli, zile ulizozitunga mkazinasa kwenye chumba cha mazoezi wiki ya mwisho kabla hujaondoka. Safari hii hakutaja zawadi. Nimemjibu hivi, nakunakilia neno kwa neno: “Bwana Kaczor, siandiki tena. Mkanda naurudisha. Mwenye hizo nyimbo yuko Ustka, anavaa tai ya kipepeo. Kamchukue yeye mzima.”

Bogna


Ustka, 31 Agosti 1966

Dada,

Alikuja. Ziemowit Kaczor, kwa basi, kofia mkononi, akala sahani mbili za samaki wa chumvi kabla ya kufungua mdomo. Akasema Eugeniusz amekaa mazoezi matatu mbele ya stendi tupu. Amewaomba radhi, amekunja kiti.

“Rudi,” akasema Ziemowit.

“Utaniomba msamaha kwanza.”

“Wewe utaniomba wa zile kurasa?”

Tukaachana na msamaha. Lakini kumbe kurudi kwenyewe hakuwezekani. Kanuni inasema mwenye daraja la kwanza hapigi chini ya kiongozi wa daraja la tatu. Ziemowit ni wa tatu. Tukapanda treni sote wawili kwenda kwa Ndugu Trzeciak kuomba nishushwe.

“Hakuna fomu ya kushushwa,” akasema. “Haijawahi kuombwa.”

“Ndugu mwenyekiti, mimi sijui kusoma nota.”

“Tume ya watu watano iliona unajua.”

“Haikuona. Ilisikia.”

“Unasema tume haijui kusikia?”

Ziemowit akanikanyaga mguu. Mama yule akatazama juu, akatazama chini, akafunga mlango. Nadhani alianza kuelewa na hakutaka kumaliza. Mwishowe akasema naweza kuomba mtihani upya, Ijumaa ya tarehe 23 Septemba. Safari hii hatangazi vipande. Karatasi ataiandika mwenyewe asubuhi ileile, na atakaa nyuma yangu akifuata kwa kidole.

Sasa nipigie hesabu. Nikikaa kimya mbele ya karatasi, nanyang'anywa kadi yote na kurudi kupaka meli. Nikisoma vizuri, narudi kwa Bi. Kornelia na koo lake. Daraja la tatu, limeandikwa kwenye kanuni, ni la mtu “anayesoma kwa makosa na kusitasita, lakini anafika mwisho”. Hicho ndicho ninachotakiwa kuwa, si chini yake wala juu yake. Na siwezi kukosea kitu nisichokijua, Bogna. Nimejaribu kwa kile kitabu cha chini ya kitanda. Hata makosa yangu hayafanani na ya mtu anayesoma.

Mkataba hapa unaisha kesho. Nashuka stesheni yenu Jumamosi mchana, nitakuwa na siku kumi na tisa. Mwambie padri chochote.

Nifundishe, dada. Ila tafadhali, usinifundishe sana.

Lesław